Chanuo la chuma la buku sita na jero kwa sungura wa manyoya marefu, nimelitumia miezi tisa haya ndo niliyoyaona

Nimeulizwa sana na watu wanaofuga sungura wa manyoya marefu hapa Dar, "dada, sungura wako Pamba unamchana na nini", kwaiyo leo nimekaa niandike vizuri, maana nikijibu mmoja mmoja nasahau vitu na hivyo ninavyosahau ndo vinavyokuja kumuumiza mnyama. Naongelea chanuo la chuma nililonunua Kariakoo. Ila siwezi kuliongelea bila kusema nilivyokua natumia kabla yake.

Pamba ni dume, ana mwaka na miezi minne, kilo 2.3. Aliyeniuzia kule Kibaha aliniambia mama yake Angora baba yake Lionhead, na ukimuangalia unaamini, shingoni ana shungi kama simba alafu mgongoni na ubavuni ana sufu nyepesi ambayo ukiishika ni kama hujashika kitu. Hiyo sufu ndo kazi yenyewe. Manyoya ya Angora yanaota karibu sentimita 2.5 kwa mwezi, yaani miezi mitatu usipogusa una mnyama mwenye sufu ya sentimita 7 inayojisokota yenyewe kila akilala, kila akijikuna, kila akilowa mkojo kidogo.

Na sio sungura wote wa manyoya marefu wako sawa, hili watu wanaliruka. Angora wa Kiingereza ndo mwenye kazi kubwa kuliko wote, ana manyoya mpaka usoni na nchani mwa masikio na sufu yake ni laini sana kwaiyo inafunga mafundo haraka. Wa Kifaransa ana unywele mgumu mgumu mwingi unaochanganyika na sufu, huo unaishikilia isijisokote, ni nafuu kidogo. Wa Kijerumani alizalishwa kwa ajili ya sufu, hapukutishi kama wengine, huyo lazima anyolewe kila baada ya siku 90 hivi. Lionhead, ambao asili yao ni Ubelgiji na Wamarekani wamewakubali rasmi kwenye maonyesho yao 2014 tu, kazi yao iko shingoni na wengine shungi linapungua wakishakua wakubwa. Kuna na Jersey Wooly, kadogo kanaishia kilo 1.6, sufu yake imechaguliwa kwa makusudi isisumbue. Kwaiyo mtu akikuambia "mimi nachana mara moja kwa wiki inatosha" muulize kwanza ana sungura gani, ndo uanze kumuiga.

Basi mimi nilianza na brashi. Ile ya sindano sindano yenye kitufe nyuma, ukibonyeza manyoya yanatoka yenyewe, nilinunua elfu 35 mtandaoni na nikaiona ya maana sana, jina lake silitaji. Nilikua nampitisha Pamba kila jioni, manyoya yanatoka mengi, nabonyeza kitufe yanadondoka kama kipande cha pamba kweli, juu anang'aa anavimba kama mto, watoto wa jirani wanakuja kumpiga picha. Miezi miwili hivyo. Siku moja namnyanyua kumhamisha nikahisi kwapani kitu kigumu, nikadhani uvimbe, moyo ukanipasuka. Nikapanua manyoya taratibu na vidole, nikakuta fundo kubwa kama embe dodo changa limekaa juu ya ngozi kabisa, limevuta ngozi ya kwapa imekua nyekundu, na sio hilo tu, nyuma ya masikio yalikua mawili, chini ya kidevu moja, ndani ya mapaja sitaki hata kukumbuka.

Yaani ile brashi ilikua inachana juu tu! Sindano zake fupi na zimepinda, zinaishia katikati ya sufu, huku chini kwenye shina manyoya yanajifunga kama rasta za miezi sita na mimi najisifia sungura anang'aa. Wanawake wenzangu mnalijua hili, mtu anaweza akabana nywele juu zikapendeza kumbe chini hazijafumuliwa. Ni kitu kile kile.

Sasa hapa ndo nikafanya kosa ambalo naliandika kwa uchungu ili mwingine asilifanye. Nikampeleka sehemu wanayosafisha mbwa na paka, wakaniambia wamewahi kuhudumia sungura, niachie saa mbili. Wakamuogesha. Shampuu, maji, alafu draya ya moto. Mimi wakati ule sikujua kwamba sungura haogeshwi, anashtuka, mwili unapoa vibaya, na sufu ya aina hii ikilowa alafu ukaisugua inashikamana moja kwa moja, ndo namna watu wanavyotengeneza vitambaa vile vizito vya sufu, maji na kusugua basi. Nilivyomchukua yale mafundo yalikua yameungana yamekua kama kipande cha blanketi kuanzia kwapani mpaka tumboni, chini bado mbichi, anatetemeka, masikio ya baridi, majani hataki. Sungura akikaa nusu siku hajala hiyo sio ya kusubiri kesho, tumbo lake likisimama anaondoka. Nikakimbia naye usiku ule ule kwa daktari wa mifugo, mzee mmoja aliyesoma pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, alimpasha joto taratibu, akampa dawa, akamlisha na bomba la sindano, akaanza kulikata lile blanketi kwa mashine ya kunyolea kidogo kidogo. Saa nzima na nusu. Nikamwambia daktari si tungetumia tu mkasi tumalize, akanijibu maneno ambayo sijayasahau, "mwanangu, ngozi ya sungura ni kama manda ya sambusa, ukivuta fundo ngozi inapanda nayo, unapitisha mkasi ukidhani unakata manyoya kumbe umekata ngozi."

Ndo yeye akaniambia achana na hiyo brashi, nenda katafute chanuo la chuma la kawaida kabisa, nusu meno mapana nusu meno ya karibu karibu. Akanichorea na kwenye karatasi ya dawa.

Nikaenda Kariakoo. Nililipata kwenye maduka yanayouza vifaa vya saluni, sio ya vifaa vya wanyama, lilikua limening'inia pamoja na vitana vya mkia. Kaka akaanza na elfu 10, "dada angu hii chuma tupu hii", tukaishia 6,500. Ni kipande cha chuma kimoja, hakina mpini, urefu kama sentimita 19, meno yametoka marefu kama sentimita 3 na ncha zake ni za mviringo. Hapo kwenye ncha ndo pa kuangalia kabla hujatoa hela. Lipitishe upande wa ndani wa mkono wako, pale kwenye mishipa, kwa kubonyeza kidogo. Likikuacha na mistari myeupe lirudishe, maana hapo panaumia kidogo tu kwako, kwa sungura ni jeraha. Mimi nilijaribu matatu pale dukani, mawili yalikua na ncha kali, la tatu likateleza tu kama kidole. Kaka wa watu alinishangaa lakini alinivumilia, namshukuru.

Matumizi sasa. Hili chanuo halifanyi kazi kwa kupitisha tu kama unachana kichwa cha mtoto wa shule. Unatoa njia. Yaani kama unamsuka mtu twende kilioni, unagawa manyoya kwa vidole mpaka unaona mstari wa ngozi ya pinki, unashikilia upande mmoja kwa mkono, unachana upande wa pili kuanzia nchani, ukishapita nchani unashuka katikati, ndo unamalizia kwenye shina. Alafu unatoa njia nyingine sentimita moja pembeni. Ukianzia kwenye shina unavuta, na akivutwa mara mbili kesho akikuona na chanuo anakimbilia chini ya kochi. Mimi naanza na upande mpana mwili mzima, nikishahakikisha halikwami popote ndo nageuza upande wa meno ya karibu kwa nyuma ya masikio, kidevuni na karibu na mkia.

Na hapa ndo brashi ya elfu 35 iliposhindwa na kipande cha chuma cha 6,500. Meno ya chanuo ni marefu yanafika chini. Likikuta fundo linasimama, linakuambia. Brashi ilikua inapanda juu ya fundo inateleza na wewe hujui kitu. Tangu nianze na chanuo fundo kubwa kuliko yote niliyowahi kukuta ni kama punje ya harage, na hilo nalitoa kwa vidole, nalipasua katikati taratibu, nikiona gumu naweka wanga wa mahindi kidogo, ule mweupe laini wa kutengenezea kastadi, sio sembe na sio poda ya mtoto maana vumbi la poda linaingia mapafuni mwake. Wanga unafanya manyoya yateleze. Likigoma kabisa naacha, naingiza chanuo katikati ya fundo na ngozi, chanuo linakua ukuta, alafu nakata juu ya chanuo na mkasi wa ncha butu. Hivyo ngozi inabaki chini salama. Hiyo peke yake inatosha kunifanya nilipende hili chanuo.

Muda: dakika 25 mara mbili kwa wiki, na kwapani, mapajani na karibu na mkia naangalia kila siku, dakika mbili tu. Akipukutisha, na hua anapukutisha kwa nguvu kila baada ya miezi mitatu hivi, ni kila siku. Namuweka mapajani juu ya taulo, uso wake ndani ya kiwiko changu, giligilani mkononi. Tumbo namchana akiwa ameegemea kifuani kwangu amekaa wima, mgongo umeshikwa, makalio yameshikwa. Simlazi chali. Wapo wanaomlaza chali akatulia wakasema ameridhika, ile ni hofu, mnyama ameganda. Na akijitupa kwa teke la miguu ya nyuma mgongo haujashikwa anaweza kujivunja uti mwenyewe, kwaiyo kama siku hiyo hataki usishindane nae, mwachie, rudi baada ya Isha kukishapoa.

Kasoro zake zipo na nazisema. Kwanza kutu. Kuna chanuo lingine nililopewa kama zawadi na shoga yangu kutoka duka lingine, linafanana kabisa, lilianza kutu wiki ya tatu, unyevu wa huku pwani mnaujua. La kwangu halijashika kutu lakini nalifuta na kitambaa kikavu kila nikimaliza, silioshi na kuliacha bafuni. Pili halina mpini, ukichana nusu saa kiganja kinauma, nimelizungushia kitambaa cha kanga upande mmoja nikakifunga na uzi, limekua afadhali. Tatu ni la polepole. Wakati wa kupukutisha linajaa manyoya kila baada ya mikono miwili mitatu na hakuna kitufe cha kubonyeza, unayatoa kwa vidole, yanaruka, yanakuingia puani. Kama una Angora watatu wanne sijui, pengine unahitaji na mashine ya kupuliza. Wafugaji wa Angora wa Ulaya na Marekani wengi wanatumia kipulizio cha upepo, kinapanua sufu mpaka kwenye ngozi na kutoa manyoya yaliyokufa na mba bila kugusa. Mimi nimejaribu na draya yangu ya nywele kwenye upepo baridi, inasaidia kweli kuona ngozi, ila Pamba anaogopa kelele, nimeacha.

Kuona ngozi kuna faida nyingine ambayo brashi haikuwahi kunipa. Mwezi wa sita nikitoa njia mgongoni nikaona unga mweupe mwingi, kama mba, na ukiutazama kwa tochi ya simu unatembea. Ni utitiri wa manyoya. Nisingeuona kwa juu. Daktari akamtibu, sindano baada ya siku kadhaa ukaisha. Jamani hapa naomba msome vizuri: msichukue dawa ya kupe na viroboto ya mbwa mkampaka sungura, kuna zenye fipronil, hiyo kwa sungura ni sumu, inaua. Mpeleke kwa daktari, mwambie ni sungura, mpime kilo zake.

Na jambo la choo. Sungura hawezi kutapika, kila unywele anaoulamba lazima upite tumboni utoke nyuma. Kabla ya chanuo nilikua nikifagia banda nakuta mavi yameungana mawili matatu kwa unywele kama shanga kwenye uzi. Nikadhani kawaida. Ile ni dalili anameza manyoya mengi. Saivi naziona mara chache sana, karibu hamna, isipokua wiki ya kupukutisha. Ila nisiwadanganye kwamba ni chanuo peke yake, nilibadilisha na chakula, nilipunguza pumba nikaongeza nyasi kavu ziwepo muda wote mchana na usiku, nyasi ndo zinasukuma manyoya yatoke, na maji bakuli kubwa sio kichupa cha kunyonya. Kuna mama mmoja aliniambia nimpe papai linayeyusha manyoya tumboni. Shikamoo yake, lakini papai haliyeyushi manyoya, tunda tamu likizidi linamharibu tumbo tu.

Kuhusu joto, maana wengi wa Mbagala, Kigamboni, Tabata mnaniuliza. Sungura hatoi jasho, joto lake linatoka kupitia masikioni. Kuanzia Disemba mpaka Machi nyuzi 32 ndani ya nyumba ya bati na sufu ya sentimita 7 ni mateso. Mimi siku hizi sufu ya mgongo na ubavu naipunguza iwe kama sentimita 3 kila ikifika Novemba, kwa mkasi juu ya chanuo kama nilivyoeleza, shungi la shingoni namuachia kiasi, na nyayo sigusi kabisa, sungura hana ngozi ngumu chini ya miguu kama paka, manyoya ya nyayo ndo kiatu chake. Umeme ukikata feni ikizima naweka chupa ya maji ya barafu imefungwa kwenye taulo pembeni yake, anaenda kuiegemea mwenyewe. Nikimpunguza sufu chanuo linakua rahisi mno, upande mpana peke yake unatosha, dakika kumi nimemaliza.

Kama una sungura wa kawaida wa manyoya mafupi usinunue, litakua linapita hewani tu, tumia mkono wenye maji kidogo au brashi laini ya mpira. Kama una Lionhead ambaye shungi limebaki shingoni tu linunue lakini upande wa meno ya karibu utautumia zaidi. Kama una Angora au chotara kama wangu hata usifikirie mara mbili. Na brashi ile ya kitufe sijaitupa, naitumia kukusanya manyoya kwenye kochi, hapo inafanya kazi vizuri.

Wiki iliyopita jino moja la pembeni lilipinda baada ya kulidondosha kwenye sakafu, nikalinyoosha na koleo, nikalipitisha mkononi kama ninavyofanya siku zote, likanikwaruza. Nikarudi kwa yule kaka kuchukua lingine. Saivi anauza elfu 8 hashuki, na nimejaribu manne mpaka nikapata lenye ncha nzuri.